Matakwa, Masharti na Desturi: Uhakiki wa Sentensi Ziongozazo Ndege

Katika ndege nyingi za abiria za siku hizi mkono wa rubani haufiki moja kwa moja kwenye bawa wala mkia. Akivuta usukani, kisafiricho ni ishara ya umeme. Ishara hiyo hupokewa na kompyuta, na kompyuta ndiyo iamuayo ubao wa bawa uinuke kiasi gani. Airbus A320, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 1988, ilikuwa ndege ya kwanza ya abiria kujengwa kwa mpango huo wa kompyuta za tarakimu. Lakini kabla ya kompyuta kuwekwa ndani ya ndege, na kabla hata ya fundi kuziandika amri zake, huandikwa kwanza kitabu cha sentensi. Sentensi hizo zaeleza chombo kifanye nini, kifanye lini, na katika hali gani. Hukaguliwa moja moja, nazo ndizo zitumikazo baadaye kuamua kama chombo kimetengenezwa sawasawa.

Maandishi ya namna hiyo huachiwa wahandisi, na wataalamu wa lugha hawayatazami. Hilo ni jambo la kusikitisha, kwa sababu makosa yake mengi ni makosa ya sarufi na maana. Makala haya yanazipima njia mbili maarufu za kuandika matakwa ya vyombo vya kuongozea ndege, ile ya ndege ya A-7E ya mwaka 1978 na ile iitwayo EARS ya mwaka 2009, na kuzilinganisha na ajali ambazo sababu zake zaweza kusomwa ndani ya sentensi. Swali lenyewe ni hili: mkaguzi akiisha kuona kwamba sentensi ni safi, je, amekwisha kuona kwamba ni ya kweli?

Yafaa kwanza kusafisha neno. Kiswahili kina neno sharti, nalo hubeba mizigo miwili. Mtu akisema "sharti aje", ana maana ya wajibu. Akisema "nitakuja kwa sharti moja", ana maana ya hali ambayo isipotimia jambo halitendeki. Katika mazungumzo ya kila siku hapana hasara, kwa kuwa msikilizaji hutambua maana kwa muktadha. Katika kitabu cha kuongozea ndege hasara ni kubwa, maana kila sentensi ya kitabu hicho ina pande hizo mbili: upande wa wajibu na upande wa hali. Kwa hiyo katika makala haya wajibu wa chombo utaitwa takwa, na neno sharti litabaki kwa hali tu.

Sheria za kazi hii si nyepesi. Mwongozo wa programu za ndege, DO-178C, uliotolewa mwaka 2011 na RTCA ya Marekani pamoja na EUROCAE ya Ulaya, wagawa programu katika ngazi tano, A mpaka E, kwa kufuata madhara ambayo kosa laweza kuleta. Ngazi A ni ile ambayo kosa lake laweza kuiangusha ndege. Kwa ngazi hiyo matakwa hukaguliwa kama ni sahihi, kama hayapingani, kama yaweza kuthibitishwa, na kama kila moja laweza kufuatwa mpaka kwenye takwa lililolizaa; na kwa baadhi ya mambo hayo mkaguzi lazima awe mtu mwingine, asiwe yule aliyetunga. Kwa vyombo vya chuma, wasimamizi hutaka hitilafu ya kuangusha ndege isitazamiwe kutokea zaidi ya mara moja katika saa 1,000,000,000 za kuruka. Sentensi haikupewa hesabu ya namna hiyo, na sababu ni dhahiri. Skrubu huchakaa, sentensi haichakai. Ikiwa ina kosa, imekuwa nalo tangu siku ilipoandikwa, na katika kila ndege iliyojengwa kwa kuifuata.

Kazi ya kwanza ya kutajwa ni kitabu cha matakwa ya programu ya A-7E, ndege ya kivita ya Jeshi la Wanamaji la Marekani. Kilitungwa mwaka 1978 katika Naval Research Laboratory, na miongoni mwa watungaji wake walikuwamo Kathryn Heninger na David Parnas. Watungaji waliona kwamba maelezo marefu ya nathari yanaficha mapengo, wakayakata na kuyapanga katika majedwali. Sifa yao kubwa ni kutenganisha mambo mawili ambayo nathari huyachanganya: hali na tukio. Hali ina muda; tukio ni nukta ile ambayo hali inaanza au inakoma. "Ndege iko ardhini" ni hali. Kugusa ardhi ni tukio. Vile vile walitaka masharti ya mstari mmoja wa jedwali yasiingiliane, tena yasiache pengo, ili wakati wowote liwepo sharti moja tu lililo kweli. Mkaguzi aweza kuona kwa macho kama kisanduku kimeachwa kitupu. Hakuna msomaji wa nathari awezaye kuona sentensi ambayo haikuandikwa.

Walakini majedwali yana udhaifu wake. Si kila msomaji huyazoea, na mfanyakazi wa kiwanda, mkaguzi wa serikali na rubani wa majaribio wote wana haki ya kulielewa takwa. Ndiyo sababu njia ya pili ilipata wafuasi wengi. Mwaka 2009 Alistair Mavin na wenzake wa Rolls-Royce walitangaza EARS, baada ya kuzichambua kanuni za Ulaya za ubora wa injini za ndege kwa ajili ya chombo cha kuongozea injini. Hawakuiacha nathari, waliifunga kamba. Takwa la kawaida halina neno la kuanzia. Takwa la tukio huanza kwa "when". La hali inayoendelea huanza kwa "while". La ndege yenye kifaa fulani huanza kwa "where". Na la jambo lisilotakiwa, kama hitilafu, huanza kwa "if". Baada ya hapo hutajwa mfumo, kisha kitendo chake. Mpangilio haubadiliki.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haimtaki mwandishi ajifunze hesabu mpya. Yamtaka tu achague neno kwa uangalifu. Kwa mtaalamu wa Kiswahili jambo hili lina mvuto wa pekee, kwa kuwa Kiswahili hakiweki tofauti hizo katika neno la kuanzia peke yake, bali ndani ya kitenzi. Tazama mifano hii:

(1) Ndege ikigusa ardhi, mfumo ufungue vibao vya bawa.
(2) Ndege inapogusa ardhi, mfumo ufungue vibao vya bawa.
(3) Muda wote ambao ndege iko ardhini, mfumo uviweke vibao wazi.
(4) Endapo kihisi kitaacha kutoa habari, mfumo umwonye rubani.

Sentensi ya (1) ni Kiswahili kizuri, na kwa ajili hiyo ni ya hatari. Kiungo -ki- hubeba wakati na sharti pamoja: hakisemi kama kugusa ardhi ni jambo linalotazamiwa au ni jambo la bahati. Katika (2) kiungo -po- chaelekeza kwenye wakati, na tukio linatazamiwa. Katika (3) hali imepewa muda wake wote. Neno maadamu lingekuwa fupi zaidi, lakini maadamu huwa na maana ya "kwa kuwa" pia, na sababu si muda. Katika (4) endapo yamwonya msomaji kwamba ni jambo lisiloombwa. Hapa Kiswahili chaweza hata kukishinda Kiingereza, ambacho "if" yake haina dalili yoyote ya jambo baya. Watungaji wa EARS waliipa kazi hiyo kwa mapatano tu.

Lakini Kiswahili nacho kina mitego yake. Mtunzi aweza kuandika "vibao vifunguke". Kitenzi hicho cha -k- chaeleza kwamba vibao vitakuwa wazi, bila kumtaja mfunguaji: kompyuta, rubani, au upepo. Tena aweza kuandika "miguu mikuu ibebe tani 6.3", wala isijulikane kama ni miguu yote kwa pamoja au kila mguu peke yake. EARS yazuia mtego wa kwanza kwa kudai mtenda atajwe. Wa pili hauzuii, na ndege imewahi kutoka nje ya njia mahali ambapo tofauti hiyo ya pamoja na kila mmoja ilikuwa jambo la sekunde 9.

Tarehe 14 Septemba 1993 ndege ya Lufthansa ya aina ya A320, safari namba 2904 kutoka Frankfurt, ilitua Warsaw katika mvua. Marubani waliambiwa upepo unatoka upande, nao kwa kufuata desturi waliongeza mwendo na kuinamisha bawa kidogo. Kumbe upepo uliwapiga kwa nyuma. Mguu wa kulia uligusa ardhi mita 770 kutoka mwanzo wa njia; wa kushoto uligusa sekunde 9 hivi baadaye, kwenye mita 1,525. Njia yenyewe ilikuwa na urefu wa mita 2,800. Vibao vya juu ya mabawa, vivunjavyo nguvu ya kuinua, viliruhusiwa kufunguka ikiwa kila mguu mkuu unabeba tani 6.3 au zaidi, au ikiwa magurudumu yanazunguka kwa zaidi ya kilomita 133 kwa saa. Vigeuza msukumo wa injini vilingoja sharti la kwanza tu. Mguu wa kushoto ulikuwa bado hewani, kwa hiyo sharti la kwanza halikutimia. Magurudumu ya kulia yaliteleza juu ya utando wa maji bila kuzunguka ipasavyo, na la pili halikutimia. Ndege iligonga tuta mbele ya mwisho wa njia. Kati ya watu 70 waliokuwamo, 2 walikufa.

Haitakuwa haki kuilaumu sentensi peke yake. Mwendo uliozidi, upepo na maji vilikuwa na sehemu yao kubwa. Wala sharti halikuwekwa kwa upuuzi. Tarehe 26 Mei 1991 Boeing 767 ya Lauda Air ilianguka Thailand baada ya kigeuza msukumo kufunguka angani, na watu wote 223 wakafa. Mtunzi wa takwa alikuwa kati ya mauti mawili: chombo kikifunguka mapema chaua, na kikichelewa chaweza kuua.

Lakini tazama kilichotendeka katika lugha. Mtunzi alitaka vibao vifunguliwe ndege iliyo ardhini. Kompyuta haiijui ardhi. Yajua uzito na mzunguko tu. Basi "iko ardhini" ikabadilishwa kuwa "ina uzito huu au mzunguko huu". Mabadiliko hayo yana pande mbili. Upande mmoja wasema: ikiwa uzito upo, ndege iko ardhini. Huo ni wa kweli, nao ndio ulinzi dhidi ya msiba kama ule wa Thailand. Upande wa pili wasema: ikiwa ndege iko ardhini, uzito au mzunguko upo. Huo haukuwa wa kweli siku ile ya Warsaw. Masikio ya binadamu hayazitenganishi pande hizo kwa urahisi. Mtu akiambiwa "mvua ikinyesha tutabaki nyumbani", hufahamu pia kwamba isiponyesha watatoka, ingawa hakuambiwa hivyo. Takwa lililojaa "ikiwa" humpitisha mkaguzi katika mlango huo huo, naye hukubali upande ambao haukuandikwa.

Michael Jackson, mhandisi Mwingereza wa programu, pamoja na Pamela Zave walieleza katika miaka ya 1990 kwamba maandishi ya matakwa huchanganya dhamira mbili za kitenzi: ile isemayo yaliyopo na ile isemayo yanayotakiwa. Ajabu ni kwamba wahandisi walilazimika kuazima maneno ya wanasarufi ili waione tofauti hii, na katika Kiingereza chao haionekani vizuri kwenye umbo la kitenzi. Katika Kiswahili yaonekana wazi. Linalotakiwa lina mwisho wa -e: mfumo ufungue. Lililo desturi ya ulimwengu lina hu-: gurudumu huzunguka, mguu huinama. Kwa hiyo sentensi iliyokosekana Warsaw yaweza kuandikwa waziwazi:

(5) Ndege iliyo ardhini hubeba tani 6.3 au zaidi juu ya kila mguu mkuu, au magurudumu yake huzunguka kwa zaidi ya kilomita 133 kwa saa.

Mtu yeyote aliyewahi kuona gari likiteleza juu ya maji aweza kuisoma sentensi hii na kuuliza: je, siku zote? Swali hilo haliulizwi na (2) wala na (3), kwa sababu takwa haliwezi kuwa la uongo. Laweza tu kutimizwa au kutotimizwa. Sentensi ya hu- yaweza kuwa ya uongo, na kwa hiyo ndiyo inayostahili mkaguzi mkali kuliko zote. Hapa ndipo EARS ipungukiwapo. Ina vyumba vya tukio, hali, kifaa na hitilafu, lakini haina chumba cha desturi. Ni kweli kwamba mwongozo mwingine wa wajenzi wa ndege, ARP4754A wa mwaka 2010, wataka mambo yaliyochukuliwa kuwa kweli yaandikwe na kupimwa. Lakini agizo hilo liko katika kitabu kimoja na muundo wa sentensi uko katika kingine, na mwandishi mwenye haraka huandika kile ambacho muundo wamwomba.

Mfano wa pili ni mzito zaidi, na wagusa Afrika ya Mashariki. Ndege ya Boeing 737 MAX ilikuwa na chombo kilichoitwa MCAS, kilichousukuma mkia ili pua ishuke, pembe kati ya bawa na hewa ilipozidi kiasi. Tarehe 29 Oktoba 2018 ndege ya Lion Air ilianguka Indonesia na watu 189 walikufa. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilianguka na watu 157 walikufa, 32 kati yao wakiwa Wakenya. Katika safari zote mbili kihisi cha pembe kilitoa habari ya uongo. Katika ile ya Lion Air kihisi cha kushoto kilizidi cha kulia kwa nyuzi 21 hivi, na MCAS ilisikiliza kihisi kimoja tu.

Mambo mawili ya sarufi yanahusika. La kwanza ni tofauti kati ya "pembe inapozidi" na "kihisi kinaposema kwamba pembe imezidi". Kiswahili humruhusu msimulizi amtaje msemaji anapopokea habari asiyoiona, ingawa hakimlazimishi. Takwa lililoandikwa kwa uaminifu lingetaja kihisi, na papo hapo lingezaa swali la nani atasadiki kihisi kikisema uongo. La pili ni idadi ya mara. Rubani alipoirudisha pua juu kwa swichi za usukani, MCAS ilitulia, na baada ya sekunde 5, maadamu kihisi kiliendelea kudai hatari, ikaanza upya. "Inapozidi" haisemi kama ni mara moja au kila mara. Ndege hizo ziliporuhusiwa tena na Marekani mwezi Novemba 2020, chombo kilikuwa kimebadilishwa kisikilize vihisi viwili na kulinganisha, tena kitende mara moja tu kwa kila tukio. Mabadiliko hayo yote mawili yalikuwa kazi ya wahandisi, lakini kila moja laweza kuandikwa kwa kiasi cha neno moja au mawili.

Huenda ikasemwa kwamba dawa ni kuiacha lugha ya watu na kuandika kwa hesabu tupu. Hesabu ina msaada mkubwa, na DO-178C ina nyongeza yake, DO-333, kwa ajili ya njia hizo. Yaweza kuonyesha kwamba matakwa mawili yanapingana, au kwamba programu yatii takwa. Lakini alama iliyowekwa badala ya "iko ardhini" haijui maji ya Warsaw. Mahali ambapo alama yafungwa na ulimwengu pana sentensi ya watu, na sentensi hiyo lazima isomwe na mtu.

Huenda pia ikasemwa kwamba matakwa ya ndege huandikwa kwa Kiingereza, na Kiswahili hakina haja nayo. Neno hilo ni kweli kwa ndege. Si kweli kwa mashine ya hospitali, lifti, au mtambo wa umeme, ambavyo maelezo yake husomwa na kufafanuliwa kila siku na mafundi wasemao Kiswahili. Kazi ya istilahi kwa muda mrefu imekuwa kutafuta majina: kihisi, mfumo, programu. Majina yanahitajiwa, lakini hakuna hata moja kati ya ajali zilizotajwa hapa iliyoletwa na upungufu wa jina. Vilivyopungua ni kila badala ya pamoja, mara moja badala ya kila mara, na sentensi ya hu- ambayo haikuandikwa. Vyombo vya kukuza lugha vingefanya vema kutoa, pamoja na orodha za maneno, mifano ya sentensi: -po- kwa tukio, muda wote ambao kwa hali, endapo kwa hitilafu, -e kwa takwa, hu- kwa desturi, na -ki- iachwe nje ya kazi hii, pamoja na uzuri wake wote.

Hukumu, basi, yaweza kusemwa kwa ufupi. Kitabu cha A-7E kilifundisha kuona pengo, na EARS ilifundisha kuchagua neno la mwanzo. Zote mbili zastahili kusomwa na mtu yeyote anayefundisha sarufi ya maana. Lakini zote mbili zamwangalia mfumo kuliko ulimwengu. Mkaguzi mwenye kitabu cha matakwa mkononi aanze kwa kuuliza, mbele ya kila takwa, ni sentensi gani ya hu- inayolishikilia, nani aliyeiandika, na ni siku gani haitakuwa kweli. Asipoipata, asitie sahihi.